Kwetu Tulisema Tumbo

Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyelichagua neno. Mama alikuwa bado amelazwa hospitali, bandeji imemzunguka kifua, na sisi tumeketi nyumbani Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, tukijua kwamba baada ya swala ya alasiri wanawake wa mtaani wataanza kuingia. Kwetu mgonjwa haugui peke yake. Mtu akilazwa mtaa mzima unajua, na mtaa mzima unakuja, na uji, na sukari, na dua, na maswali. Swali la kwanza huwa lile lile: anaumwa nini? Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Bibi akatupitia mmoja mmoja kwa macho, kisha akasema kama mtu anayegawa chakula, "Iko tumbo. Mtu akiuliza, museme iko tumbo. Kwetu tunasema tumbo."

Hakuna aliyebisha. Ilikuwa mwaka wa 1991, mimi nasoma sekondari, na nilikuwa na mdomo mrefu kwa kila jambo, lakini siku ile niliufunga. Nilikuwa nimetoka kuaibika kiasi kwamba neno lolote la kujificha nyuma yake nililipokea kwa mikono miwili.

Niliaibikia hospitalini, asubuhi ya siku iliyotangulia. Daktari alimwita baba ukumbini, na baba akanishika mkono twende wote, maana daktari aliongea Kifaransa. Baba alikuwa dereva wa ofisi moja kule Kimihurura. Kifaransa chake kilikuwa cha kusubiri, cha kulia na cha kushoto. Kwa hiyo mimi, msichana, nikasimama katikati ya wanaume wawili wanaozungumzia titi la mama yangu. Daktari alilitaja kama anavyotaja goti. Mimi kulitafsiri mbele ya baba nikashindwa, nikasema "pale." Baba naye akauliza, "Pale pamekatwa pote?" Nikamwuliza daktari, daktari akaitikia kwa kichwa, nami sikujua uso niuweke wapi.

Daktari akaeleza kwamba ni kanseri, kwamba uvimbe umetoka wote, lakini mama atahitaji sindano za mshipani kwa miezi kadhaa, kila baada ya wiki kadhaa, bila kukosa. Ale mayai, maharagwe, nyama, maziwa, kwa sababu dawa ile ni kali na damu yake lazima iwe na nguvu ya kuibeba. Baba alisikiliza yote, halafu akaniambia, "Mwambie asimuambie yeye." Hilo nalo lilikuwa desturi yetu. Ugonjwa mkubwa unaambiwa wazima, mgonjwa anaambiwa atapona. Daktari akasema yeye ameshamwambia, tena kabla hajamgusa na kisu.

Basi mama alirudi nyumbani akijua, na sisi tukijua, na yeye akijua kwamba tunajua, na hakuna aliyefungua kinywa. Wageni wakaja na lile tumbo likaanza maisha yake.

Sasa tumbo lina sheria zake. Mwenye tumbo halishwi maharagwe, hapewi pilipili, nyama ni mwiko, na yai ndilo baya kuliko vyote. Mwenye tumbo anapewa uji mwembamba. Wanawake wa Biryogo walimpenda mama, alikuwa fundi wao, nusu ya magauni ya Idi pale mtaani yalipita kwenye cherehani yake iliyokaa barazani. Walimletea uji asubuhi, walimletea uji jioni, wakakaa mkekani kumtazama mpaka bakuli liishe. Mama alikunywa. Angesema nini? Aliyempa uji alikuwa amekaa mbele yake, na bibi pembeni akisema, "Kunywa, mwanangu, tumbo lipoe."

Baba ndiye aliyepata dawa ya hilo. Alinunua mayai ya kuchemsha karibu na kazini kwake, mbali na macho ya mtaa, akayaleta ndani ya mfuko wa koti lake la kazi. Mwanaume mzima, dereva wa wakubwa, anapita kwenye vichochoro akiwa ameshika mfuko ili mayai yasipasuke, anasalimia watu kwa mkono mmoja. Mama aliyala nyuma ya pazia la chumbani, harakaharaka, kama mtoto aliyeiba. Maganda tuliyaficha ndani ya gunia la vitambaa, vile vipande vinavyobaki fundi akishakata nguo.

Kwa nini tuliyaficha mle Mungu anajua, kwa sababu wote tulisahau kwamba kulikuwa na jirani aliyekuja kuchukua vitambaa hivyo kila mara. Alikuwa mjane mnene mwenye kucheka sana, akishona mito na kuijaza vitambaa vya mama. Alikuja, akabeba gunia lake, akaondoka. Akiwa anajaza mto akakuta maganda ya mayai. Ya wiki nzima.

Jioni ile bombani niliwasikia kabla hawajaniona. "Tumbo gani hilo linakula mayai?" Mmoja akasema pengine ni ya watoto. Mjane akasema watoto hawafichi maganda. Nilisimama na ndoo yangu, uso unawaka, na hasira yangu yote sikujua nimpe nani.

Kuanzia hapo mambo yakajipanga vibaya. Nywele za mama zilikuwa zinatoka. Mtandio uliweza kuficha kichwa, lakini nyusi nazo zilikwenda, na nyusi hazina mtandio. Alikonda. Na miaka ile mtu akikonda, na kwao wakadanganya ugonjwa wake, watu hawakuhitaji daktari. Walisema ni ukimwi, ambao kwetu tuliuita sida. Hawakutuambia usoni, hapana, watu wa kwetu wana adabu. Walikuja kuchukua vitambaa vyao tu. "Mama fulani, naomba kile kitenge changu, nimepata safari." Kitenge hakijakatwa hata. Mwingine alitaka ashonewe lakini hakutaka kupimwa. Akaleta gauni la zamani, akasema, "Chukua kipimo hapa," akarudi nyuma hatua moja. Mama alizikunja zile nguo vizuri, nyingine akazipiga pasi kwanza, akawarudishia. Kuficha ugonjwa mmoja kulitupa ugonjwa mwingine ambao hatukuwa nao, na sasa hatungeweza kuukana bila kutaja ule wa kwanza.

Mama alijishonea titi. Alichukua bitana laini iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi, akakata duara, akaijaza vitambaa vidogovidogo, akaitia ndani ya sidiria. Alijipima kwa tepu yake mwenyewe, kulia na kushoto, kama anavyompima mteja. Akaniita. "Iko sawasawa?" akaniuliza. Nilitazama ukuta nyuma ya bega lake, nikasema iko sawa.

Alikuwa amelivaa siku tuliyokwenda hospitali kwa ajili ya sindano, mimi na yeye, kwa miguu. Vita vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia huko kaskazini, na mjini vizuizi vya askari vilikuwa kitu cha kila siku. Unapanga foleni, unatoa kitambulisho, unapekuliwa, unapita. Pale njiani kuelekea mjini foleni ilikuwa ndefu, na watu wengi walikuwa wa mtaani kwetu. Yule mjane wa mito alikuwa nyuma yetu, watu wawili watatu hivi.

Askari alikuwa kijana. Alimpapasa mama kwa juu juu, kama alivyowapapasa wengine, halafu mkono wake ukasimama. Akabonyeza tena. "Iko nini hapa ndani?"

"Iko yangu," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Toa."

"Mwanangu, nakuomba. Niko mgonjwa."

"Toa!"

Mama aliigeukia barabara, akaipa foleni mgongo, akaingiza mkono shingoni mwa gauni na kulitoa. Askari alilichukua. Alilifinya, akadhani kuna kitu kimefichwa ndani, akapasua mshono kwa kidole gumba. Vitambaa vikaanguka mchangani. Kila mwanamke wa Biryogo aliyesimama pale aliweza kuona gauni lake. Kulikuwa na kile cha kijani cha Idi, kile cha maua mekundu, kipande cheupe cha harusi ya binti wa jirani.  Yule askari alielewa alichokishika mkononi, nikamwona anavyoelewa, na akawa wa kwanza kutazama pembeni. "Pita, mama," akasema. "Pita."

Niliokota vitambaa. Nilipoinuka mama alikuwa ameshageuka. Hospitali ilikuwa karibu kuliko nyumbani, nikamwambia hivyo. Akashika njia ya nyumbani. Tuliipita foleni nzima kwa kurudi nyuma, watu wakitupisha na kuangalia chini, na mama ameushikilia mtandio kifuani kwa mikono miwili.

Alasiri ile wanawake walikuja. Walikuja wengi kuliko siku zote, hata waliokuwa wameacha kuja. Walikaa mkekani, wakatandaza kanga zao vizuri magotini, na yule mjane, aliyeona kila kitu kwa macho yake, akauliza kwa upole mkubwa, "Tumbo linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri, alhamdulillahi," mama akajibu.

Walipoondoka alijilaza akaugeukia ukuta. "Wanajua," akasema. "Wote wanajua. Na bado wananiuliza tumbo." Bibi alimwambia hiyo ni heshima, wamemsitiri. 

Hakwenda kuchomwa sindano wiki ile, wala ile iliyofuata, wala zamu nyingine ilipofika. Tulimbembeleza. Bibi alimsomea dua, baba alinunua mayai na mayai yakabaki mfukoni mwa koti mpaka yakanuka. Usiku nilimsikia yuko macho. Mchana alikaa mbele ya cherehani bila kuifungua. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mama alikuwa mtu wa kulia hata akimsikia mtoto wa mwingine amefeli mtihani. Nikimwuliza kwa nini hataki kwenda anasema, "Kila nikienda kule narudi nimepungua."

Mwisho baba aliomba ruhusa kazini tukaenda kwa daktari, mimi na yeye, bila mgonjwa. Baba alijieleza mno kuhusu vizuizi na foleni na umbali. Nikatafsiri. Daktari alisubiri amalize, kisha akauliza, "Anakula?" Hapana. "Analala?" Hapana. "Nyumbani anaongea na nani kuhusu ugonjwa wake?"

Nilitafsiri. Baba akatazama viatu vyake. Kisha akasema, "Mwambie tunamuombea sana."

Daktari akasema hiyo ni vizuri, tuendelee. Lakini anaongea na nani? 

Yule daktari hakuwa mtu wa maneno matamu. Alisema huzuni haikuleta kanseri ile, na tusije tukaenda kumwambia mama kwamba amejiletea mwenyewe kwa kuwaza, kwa sababu watu wanapenda kusema hivyo. Lakini huzuni inamfunga mtu nyumbani. Inamnyima usingizi, inamnyima chakula, inamwambia usiende, na sindano haina miguu ya kumfuata mtu kitandani. Alisema amewakata wanawake wengi matiti, na baadhi yao wakaacha kuja wakati dawa ilikuwa bado inawasaidia. Ndipo akanitazama mimi, si baba. "Mwambie baba yako aliseme hilo neno. Wewe pia."

Jioni baba aliketi ukingoni mwa kitanda. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, nimeshika ufagio lakini sifagii kitu. Alikohoa, akaanza, akaacha. Halafu nikamsikia, baba yangu mzee mwenye watoto wakubwa, sauti inamtetemeka kama anaposa. "Titi lako... pale walipokata... inauma bado?"

 "Inauma," mama akasema. Halafu akalia, akalia kweli, nami nikatoka nje maana machozi yale hayakuwa yangu kuyasikiliza.

Kesho yake wageni walikuja kama kawaida. Mjane akapokea bakuli la uji kutoka kwa mwenzake, akalisogeza. "Tumbo linaendeleaje leo?"

"Tumbo langu iko zima," mama akasema. "Sijawahi kuumwa tumbo."

Bibi akashtuka. "Nyamaza, mwanangu."

"Sinyamazi. Walinikata titi, mama. Niko na kanseri. Sida siko nayo, na kama ningekuwa nayo ningekuwa mtu vilevile." Akafungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, vidole vya fundi havina haraka. Akawaonyesha. Kovu lilikuwa refu, jekundu, limepinda kuelekea kwapani. Mimi niliyeishi naye nyumba moja ndiyo kwanza nililiona siku ile. Nilitamani kutazama ukuta na nikajilazimisha nisiutazame.

 Kisha mjane akaanza kufuta macho kwa kanga. "Niliviona vile vitambaa barabarani," akasema. "Ile ya kijani ilikuwa ya gauni yangu."

"Ndiyo," mama akasema. "Yako ndiyo ilikuwa laini kushinda zote."

Kuna aliyecheka, halafu wakacheka wote, huku wanalia, na mtu akalibeba lile bakuli la uji akaenda kulimwaga. Siku iliyofuata yalikuja maharagwe. Yalikuja mayai, mkononi, mchana kweupe.

Bibi peke yake hakucheka. Alijifunika uso kwa mtandio mpaka wageni wakaondoka. Mama alikuwa anafunga vifungo. Bibi akasema taratibu, haieleweki alikuwa anamwambia nani, "Dada yangu mkubwa alikufa na tumbo. Yule wa katikati naye, tumbo. Mama yetu pia."

Mama akaacha kufunga vifungo. "Tumbo gani, mama?"

Bibi aliweka kiganja kifuani pake mwenyewe, akakiacha hapo.

Mama alirudi kwenye sindano. Wanawake walimsindikiza kwa zamu, wawili au watatu, na kwenye kizuizi walimzunguka, mjane mbele, akitangaza kwa sauti kwamba huyu anatoka kukatwa titi, mkono wa mtu usimguse. Daktari alisema zile zilizopotea zimepotea, tuendelee na zilizobaki. Alizimaliza zote. Nywele zikaota, laini kama za mtoto, na cherehani ikarudi kupiga kelele barazani. Tukapata mwaka mmoja mzuri na kidogo zaidi. Mwishoni mwa 1993 ugonjwa ulirudi mifupani, akafariki kitandani kwake, akakoshwa na wanawake waliokuwa wameshaliona kovu lake na hawakuhitaji kulishangaa. Sijui kama zile sindano alizokosa zingetupa mwaka mwingine. Nilimwuliza daktari naye akasema hajui, na nilimshukuru kwa kutonidanganya. Miezi michache baadaye yalikuja yale yaliyokuja Kigali. Mkeka ule sikuwahi kuuona tena umejaa, na hayo siyaandiki hapa.

Ila kwenye matanga yake, wanaume wakiwa wameketi nje, mgeni mmoja kutoka mbali alimwuliza baba, "Marehemu alikuwa anaumwa nini?" Mimi na bibi tulikuwa nyuma ya pazia. Baba alikohoa. "Tumbo," akasema. Bibi akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna kati yetu aliyeinuka.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina kifua changu cha kuogopea. Juzi nilikwenda kupimwa, na binti yangu akanisindikiza, amekua, ananipita urefu. Muuguzi, kijana wa kiume, mpole, aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuugua titi. Uso ukaniwaka vilevile kama pale ukumbini, miaka yote ile.

"Mama yangu," nikasema. "Na mama zake wakubwa wawili. Na mama yao."

Binti yangu aliacha kuchezea simu. Alinigeukia, macho makubwa, mkono mmoja umeshaenda kifuani kwake bila yeye kujua.

"Mama," akasema, "si ulituambia bibi alikufa na tumbo?"